Beji Shingoni

Daktari akialikwa kwenye mkutano wa kimataifa hupewa mfuko wa nguo, kalamu isiyoandika na beji ya kuning'iniza shingoni. Mfuko na kalamu huviacha hotelini. Beji haivui. Hula nayo, hupiga nayo picha, na nina hakika wapo wanaolala nayo. Hupewa pia ratiba ya burudani na matembezi, karatasi pekee ya mkutano ambayo husomwa mpaka mwisho.

Mimi naishi Mayfair, magharibi ya katikati ya jiji la Johannesburg, na mume wa dada yangu ni daktari wa moyo Dar es Salaam. Alipokuja kwenye mkutano huko Sandton mwezi wa Julai, aliwatangazia wenzake kwamba yupo shemeji mwenyeji, wasiwe na shaka. Wenzake walikuwa profesa wa kisukari kutoka Tanga na mama mmoja bingwa wa macho kutoka Mombasa. Wote watatu walikuja na nguo za pwani. Johannesburg iko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, na Julai ni katikati ya baridi. Shemeji alipanda ngazi za kwangu, akasimama katikati ameshika kifua, akatueleza kwa utulivu kwamba ni hewa tu, nyepesi. Hatukubisha, mtaalamu wa moyo ni yeye.

Siku ya matembezi nilipenyezwa ndani ya basi la wajumbe. Basi la saa mbili lilikuja saa tatu na nusu, na dereva akaamua kufidia muda huo barabarani. Kiongozi wa msafara akisema "kushotoni kwenu mnaona," tulikuwa tumeshapita. Tulipokaribia Soweto, mtu akapiga kelele: "Bara! Simamisha!" Ni hospitali ya Chris Hani Baragwanath, iliyoanza kama hospitali ya jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili na leo ina vitanda takriban 3,000. Basi zima lilihamia madirisha ya upande mmoja. Watu walioomba ruhusa kazini ili wasione wodi kwa juma zima walishuka kupigia picha lango la wodi za wenzao, huku wakiulizana zamu moja ina wauguzi wangapi. Mtaa wa Vilakazi, walikoishi Nelson Mandela na Desmond Tutu, ukaambulia robo saa.

Kwenye Makumbusho ya Apartheid kila mgeni hupewa tiketi kwa bahati nasibu: wengine wameandikiwa weupe, wengine wasio weupe, na kila kundi lina mlango wake. Profesa wa Tanga akaangukia weupe. Alitutazama mara moja, akanyoosha kola, akaingia mlango wake bila kuaga. Mjerumani mmoja aliyekuwa nyuma yake akaelekezwa kwetu. Tulimkaribisha.

Jioni ilikuwa dhifa. Sahani kubwa, samaki mdogo, na mchuzi uliochorwa pembeni kwa ufundi. Saa tatu usiku simu yangu ikalia. "Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "huko kwenu kuna wali?"

Mayfair wali upo. Mtaa wa Eighth Avenue umejaa Wasomali, na wengi wao walipitia Eastleigh, Nairobi, kabla ya kufika huku, kwa hiyo Kiswahili hakikosekani. Tuliagiza wali wa mbuzi, ukaja na ndizi mbivu pembeni kama kawaida yao, na chai ya maziwa yenye iliki na mdalasini, iliyotiwa sukari tangu jikoni. Wageni wangu walikula bila mazungumzo. Kisha mhudumu akainama kuchukua sahani, macho yakaangukia beji.

"Ala! Wewe ni daktari? Dokta, mgongo huu, kidogo tu."

Kidogo tu ndiyo iliyotumaliza. Mpishi akatoka na presha yake. Muuza simu wa duka la pili akaja na koo. Mzee mmoja alipotea, akarudi na picha ya eksirei ya goti lake, akaiinua kwenye taa huku kidole chenye mafuta ya sambusa kikionyesha panapouma. Shemeji alimweleza kwamba yeye ni wa moyo. "Basi anza na moyo," mzee akasema, akafungua vifungo vya koti.

Profesa alikuwa amepata foleni yake. Alimhutubia mama mmoja mnene juu ya ubaya wa sukari, kwa vidole, hoja moja baada ya nyingine, na kila hoja aliishusha kwa funda la chai. Mama alisubiri amalize. "Hiyo ni kikombe chako cha tatu," akamwambia. "Mimi bado niko na cha kwanza." Bingwa wa macho naye aliletewa bili, akaisogeza mbali, akaisogeza mbali zaidi, mkono ukaisha. Mhudumu mwenye mgongo ndiye aliyemsomea.

Kesho yake walitoroka mada ya asubuhi wakaniburuta mpaka Oriental Plaza, Fordsburg, kwenye maduka waliyojengewa wafanyabiashara wa Kihindi waliohamishwa kwa nguvu kutoka mtaa wa Fietas. Walinunua mablanketi kwanza. Halafu profesa akatoa mfukoni vipande vya nyuzi vilivyofungwa mafundo, kila kimoja mguu wa mtu wa nyumbani, akaanza kuvitumbukiza ndani ya viatu huku muuzaji akimtazama. Uzi wa mama mkwe ndio aliourudia kuupima.

Sandton walipewa vyeti na alama za mafunzo. Shemeji aliuliza kama zile saa za Mayfair nazo zinahesabiwa. Akaambiwa hazimo kwenye ratiba. Yule mzee wa goti haoni tatizo hilo. Kila tukikutana msikitini ananiuliza mkutano wa wale wa mifupa ni lini, na kama naweza kuwasisitizia waje na beji zao.