Laptopu ya Mweka Hazina

Laptopu ya shangazi iligoma kuwaka wakati mpishi ameshaanza kudai advansi. Taa ziliwaka, feni ikanguruma, kisha kioo kikawa cheusi na mstari mmoja wa maandishi meupe ukisema mfumo endeshi hauonekani. Ndani mlikuwa na orodha nzima ya michango ya harusi: nani kaahidi, nani katoa, na nani anasema "mwisho wa mwezi" tangu kikao cha kwanza.

Taarifa ikawekwa kwenye grupu la kamati. Waliokwisha kulipa waliandika "pole" wakaendelea na shughuli zao. Ambao hawajalipa ndio walioomboleza. Mjomba wa bwana harusi, aliyeahidi laki tano mbele za watu na makofi akapigiwa, aliandika kwamba Mungu ana makusudi yake, tusonge mbele.

Kwa fundi Kariakoo hatukukaa hata dakika tano.

"Mama, windo imekufa. Tunapiga windo mpya, sasa hivi unaondoka nayo."

"Na michango?"

"Michango gani?"

Nina ugomvi wa siku nyingi na huu mtindo wa kupiga windo. Windo ni dereva tu. Akifa, mzigo bado uko kwenye lori. Mafundi wengi hufomati diski kwanza, yaani wanamwaga mzigo barabarani ili dereva mpya apate kiti. Laptopu inarudi inang'aa, tupu kabisa, na unalipia.

Tukairudisha nyumbani, na huko tukamkuta kijana wa jirani na ushauri wake: ichomolewe diski, ilale kwenye friza usiku kucha. Kaona YouTube. Shangazi alikuwa ameshaanza kusogeza vibua nilipomzuia. Ndani ya diski ya kuzunguka, kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, sasa wewe ipeleke kwenye baridi itoke inatiririka unyevu! Diski ikianza kugonga tak, tak, tak, izime na usiiwashe tena, kwa sababu kila mzunguko unaweza kuikwaruza zaidi. Ya shangazi haikugonga. Ilikuwa kimya, kama mjomba siku za kukusanya michango.

Nikatafuta flashi, nikaiwekea mfumo endeshi wa Ubuntu kwenye kompyuta nyingine, nikaichomeka kwenye ya shangazi. Ukiwasha huku unabonyeza F12 (nyingine hutaka F9 au Esc), unaiambia mashine iwakie kwenye flashi, diski yenyewe ibaki bila kuguswa. Ni mbinu ya zamani: Mjerumani Klaus Knopper alitoa mfumo wa Knoppix mwaka 2000, nayo iliwaka kutoka kwenye CD tu. Tulibahatika pia kwamba laptopu ilikuwa kuukuu. Nyingi za siku hizi diski zake zimefungwa kwa BitLocker, na bila ule ufunguo wa tarakimu 48 unaambulia patupu.

Kioo kikawaka. Shangazi akaruka.

"Hii si yangu! Yangu ina picha ya mjukuu!"

"Mjukuu yumo, shangazi. Subiri."

Alikuwamo, kwenye folda isiyo na jina, ndani ya folda nyingine isiyo na jina, pamoja na risiti za maji na mafaili matatu: MICHANGO, MICHANGO MPYA, na MICHANGO MPYA HII NDIYO. Nikanakili yote kwenye flashi ya pili. Shangazi hakutaka hata chai. Alitaka orodha iende kwenye grupu usiku uleule.

Ikaenda. Tiki zikageuka bluu moja baada ya nyingine, na hakuna aliyeandika neno. Kisha simu ya shangazi ikaita, akaiweka spika.

"Hongera, shemeji," alisema mjomba. "Lakini hebu niulize. Faili likitolewa kwenye kompyuta iliyokufa, haliwezi kujiongezea sifuri?"

"Haliwezi, shemeji," shangazi akajibu. "Lingekuwa linaweza, ningeanza na yako."