Mtungi Usiotupika

Brooklyn Park, Minnesota
Mei 2026

Kwa Mama na nyanya yetu Kukhu kule Bungoma, Dada na Shemeji kule Kitale, na Mjomba popote alipoketi,

Mulembe!

Dada, najua wewe ndiye utakayeichapa barua hii pale saiba, uitie kwenye bahasha, umkabidhi dereva wa matatu aipitishe Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye mpaka stendi ya Bungoma. Mwambie asiikalie. Ile ya Krismasi ilifika kwa Mama ikiwa na alama ya mandazi, Kukhu akadhani ni muhuri wa serikali. Mama amezikataa habari zangu za WhatsApp. Anasema sauti huisha pamoja na bando, lakini karatasi husomwa hata na jirani. Haya, jirani naye mulembe.

Mimi ni mzima. Kazi ya kuwatunza wazee inaendelea, kilo zimeongezeka, nywele zimepungua. Theluji imeyeyuka. Lakini habari kubwa ya msimu huu ni mtungi wa gesi, nami naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla Mjomba hajaanza kucheka.

Mwezi uliopita nilihamia nyumba yenye gereji. Nyuma ya gereji, chini ya zulia lililooza, nikakuta jiko la kuchomea nyama na mtungi wake, vimeachwa na mpangaji wa zamani. Ninyi mnanijua. Mtu wa kwetu akiokota mtungi wa gesi ameokota mali, hata ukiwa mtupu, kwa maana sisi hutoka jasho la kununua mtungi kwanza, gesi baadaye. Nikampigia Mama simu saa hiyo hiyo. “Mama, nimepata mtungi wa bure!” Mama akasema, “Bwana asifiwe. Utautuma lini?” Mjomba akadakia kwa nyuma kutaka kujua ni mtungi wa nini. Aliposikia kwamba umezeeka akasema busaa huwa vivyo hivyo, uzee haudhuru.

Nikawaalika Wakenya wenzangu wa kanisani nyama choma ya Jumapili. Nikanunua mbuzi kwa mchinjaji Msomali, nikaupakia mtungi garini, nikaenda kituo cha kujazia gesi. Kijana wa pale hakunitazama mimi. Aliinama akaisoma kola ya mtungi, ile pete ya chuma inayokinga valvu, kama askari wa Malaba anayesoma pasipoti asiyoiamini. Akainuka, akasema, “Huu umetengenezwa 1996. Siwezi.”

Nikadhani anataka chai. Hapana. Akanifundisha somo zima pale pale. Mtungi wa huku hugongwa mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Ukitimiza miaka 12 haujazwi tena mpaka ukaguliwe na mtu mwenye kibali. Ukikaguliwa kwa macho ukafaulu, hugongwa herufi E na kupewa miaka mingine mitano. Wangu haukuwa na E wala alifu. Kisha akanionyesha kishikio cha kufungulia. Wangu ulikuwa na kishikio cha duara kama usukani wa trekta. Kinachotakiwa ni cha pembe tatu. Tangu Aprili 1, 2002, mitungi ya namna hii haijazwi huku kama haina valvu yenye boya ndani. Boya hilo huifunga njia gesi inapofika asilimia 80 ya mtungi, maana gesi hutanuka ikipata joto na lazima iachiwe nafasi. Kishikio cha pembe tatu ndicho kitambulisho cha valvu hiyo.

Kwa hiyo mtungi wangu haukuwa na kitambulisho, na cheti chake kilikuwa kimekwisha. Mbuzi nikampika ndani ya ovena. Wageni walimla kimya, kama watu waliokuja matanga.

Basi nikaamua kuutupa. Hapo ndipo nilipojua kwamba Amerika, nchi inayotupa hata sofa nzima barabarani, haijui kutupa mtungi. Niliutia kwenye pipa la taka. Asubuhi nikakuta taka zimechukuliwa, mtungi umeachwa umesimama barabarani peke yake, na kibandiko chekundu kifuani. Lori la taka lina sahani ya chuma inayokandamiza mzigo, na mtungi ukikandamizwa, hayo mabaki ya gesi yanatafuta pa kutokea. Jirani alipita na mbwa wake, akanitazama mimi, akautazama mtungi, akavuka barabara.

Nikaupeleka kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Akasema ataupokea ukiwa umetolewa valvu na kukatwa.

“Nani anaukata?”

“Mtu aliyesomea.”

“Yuko wapi?”

Akafunga dirisha.

Nilikumbuka wale mafundi wa jua kali wa Kitale. Kule chuma hiki kingegombaniwa, na kabla ya saa saba mchana kingekuwa nusu karai, nusu jiko. Lakini, Shemeji, wewe unayechomelea, nisikilize vizuri. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Mtungi hauna tabia hiyo. Mtungi mtupu hunyamaza kimya, na ndani yake umebaki mvuke unaongoja cheche moja tu. Ukiletewa mtungi wa gesi uukate, hata mwenyewe akiapa kwa jina la mama yake kwamba umekwisha, mrudishie.

Mlango wa tatu ulikuwa kituo cha petroli chenye mitungi iliyofungiwa kwenye vizimba kama sungura. Hapo unaacha mtupu, unachukua mzima, unalipa. Mwenye duka aliiona kutu ya wangu akatikisa kichwa. Nikawa nasoma lebo za mitungi yake ili nisiondoke mikono mitupu. Mtungi wenyewe ni wa ratili 20, kama kilo 9. Lebo inasema wazi kwamba ndani mna ratili 15, haifiki kilo 7. Nikamsomea Mama kwa simu. Akasema, “Kumbe na kwa Wazungu wanapunja?” Nikamwambia wanapunja, ila wameiandika. Akafikiri kidogo, akasema heri mwizi mwenye risiti.

Dada naye alipopata habari kwamba sina gesi akanihurumia, akasema atanitumia meko yake, ule mtungi mdogo wa gesi wa kilo sita. Asante, Dada, lakini isingenifaa Januari. Gesi ya kwetu ni propani iliyochanganywa na butani, na butani huacha kugeuka mvuke inapokaribia nyuzi sifuri. Propani huvumilia mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri, ndiyo maana huku wanaitegemea hiyo. Meko yako ingefika hapa ikajikunja kama mimi wiki yangu ya kwanza, ikakataa kutoka kitandani.

Na ni katika mazungumzo hayo Dada aliponieleza kwamba meko yenyewe siku hizi “inapumua kidogo” na jikoni kunanuka kabichi iliyooza. Nikamuuliza anajuaje inapovujia. Akanijibu kwa utulivu wa mtu anayechambua sukuma wiki, “Si ninawasha kiberiti naangalia?”

Nilipiga ukelele, mzee ninayemtunza akakizima kifaa chake cha masikio.

Dada, isome sehemu hii mara mbili, na Mama asomewe tatu. Gesi haina harufu yake. Huo uvundo hutiwa kwa makusudi, na umegharimu roho za watu. Machi 18, 1937, huko New London, Texas, gesi asilia ilivuja chini ya shule bila mtu kunusa lolote, ikalipuka, wakafa karibu watu 300, wengi wao watoto. Baada ya hapo ndipo sheria ya Texas ilipoamuru gesi itiwe harufu mbaya. Kwa hiyo ukinusa kabichi iliyooza na hukununua kabichi, usitafute kiberiti. Usiguse swichi ya taa, iwe ya kuwasha au ya kuzima. Funga mtungi, fungua milango, toa watoto. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni kama nyoka, kwa hiyo dirisha la juu peke yake halisaidii. Mtungi utoe nje. Kisha, huko huko nje, fungulia gesi kidogo, chukua povu la sabuni upake kwenye valvu, kwenye regyuleta na kwenye mpira. Pakitoka mapovu, ndipo pagonjwa. Sabuni unayo, Dada. Ulinikopa hela za katoni nzima.

Sitaki mseme nimekuwa Mzungu. Ninyi mnakumbuka usiku wa Februari 1, 2024, pale Mradi, Embakasi, gesi ilipolipuka katikati ya makazi ya watu. Watu walikufa na mamia wakajeruhiwa, na kituo chenyewe EPRA, mamlaka ya nishati, walikuwa wamekinyima kibali. Na mnakumbuka ile mitungi ya bei nafuu ya serikali, mradi uliokwama mwaka wa 2018 baada ya maelfu ya mitungi hiyo kuonekana ni mibovu. Hata chuma kipya huweza kuzaliwa kigonjwa, sembuse cha 1996.

Turudi kwa mkosi wangu. Mwishowe mzee ninayemtunza ndiye aliyenielekeza: peleka kaunti. Moyo ukazama. Kaunti! Nikavaa shati la kola, nikabeba kitambulisho, bili ya umeme na chakula cha mchana, maana neno hilo nalijua tangu nyumbani. Nilifika kituo chao cha taka hatari saa tatu asubuhi. Mtu mwenye kizibao cha rangi ya ndimu akaja dirishani, akauliza nimeleta nini, akautoa mtungi kwenye buti mwenyewe, akaniambia siku njema. Dakika mbili. Hakuniuliza hata jina. Nikabaki nimekaa garini na bili yangu ya umeme, nikiona nimedhulumiwa foleni.

Mama alitaka ushahidi, basi nikaomba ruhusa nikapiga picha. Nyuma ya uzio mitungi ilikuwa imepangwa mistari kwa mistari kama wanafunzi kwenye gwaride, myeupe, ya kijivu, yenye kutu. Mama akaitazama picha hiyo muda mrefu. Kisha akasema kwa uchungu, “Mitungi yote hiyo! Na watu hawana viti.”

Hapo nikakumbuka kiti cha Kukhu.

Jirani, kama huijui hadithi hii, Mama ataongezea. Mwaka wa 2013, nikiwa nakaribia kusafiri, nilimnunulia Mama mtungi wa kilo 13 ili aache kupuliza kuni. Siku zile mambo yalikuwa mepesi: kanuni za 2009 zilikuwa zimezilazimisha kampuni kutumia valvu ya aina moja na kubadilishana mitungi, kwa hiyo ulipeleka wa rangi hii ukarudi na wa rangi ile. Kisha kanuni za 2019 zikaja zikasema kila kampuni na mtungi wake, mwingine asiujaze bila ridhaa ya mwenyewe. Wajanja wa kujaza vichochoroni ndio waliokuwa wakiwindwa, lakini pia mtungi wa Mama ukawa yatima. Duka la kwanza, hatuuchukui. Duka la pili, hatuuchukui. Mwendesha bodaboda akauzungusha mji mzima umefungwa kwa mpira wa tairi, akaurudisha na bili. Mama akauwekea kitambaa cha kufuma, na mto juu yake, na tangu siku hiyo Kukhu ameukalia.

Nikamwambia, “Mama, mwombe Kukhu ainuke kidogo, usome namba zilizogongwa kwenye kola.” Nikasikia Kukhu akilalamika, mto ukitolewa, miwani ikitafutwa. Mama akasoma: 2012.

Nikamweleza. Kwa hesabu ya huku, mtungi wa 2012 ulitimiza miaka 12 mwaka wa 2024. Usipimwe kwa kukaliwa tu. Tafuta wakala wa kampuni yenyewe, uurudishe kwao, maana wao ndio wenye jukumu la kuukagua, upewe mwingine. Na huo utakaopewa, tazama kutu, tazama sili, kisha upimwe kwenye mizani ukiona kwa macho yako. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Ukiutoa, kinachobaki kiwe kilo 13 za gesi. Kukhu atapata kiti kingine, nitatuma pesa.

Mama alinyamaza. Nilidhani bando limeisha. Kisha akasema, “Kwa hiyo chochote kikipita miaka 12 bila kukaguliwa hakifai kutumika?”

“Hakifai mpaka kikaguliwe, Mama.”

“Na wewe uliondoka mwaka gani?”

Nilisikia Mjomba akicheka. Hata Kukhu, ambaye alikuwa bado amesimama.

Basi, Dada, mwaka ni wa shufwa, yaani mwaka wa jando kwetu, na kijana wako anaingia jandoni Agosti. Tiketi nimekata. Nitashukia Eldoret, nije kwako Kitale kwanza nikaitazame hiyo meko, halafu tushuke pamoja Bungoma. Mama atanikagua kwa macho, atafute kutu, agonge herufi yake. Mizani iwepo. Uzito wangu mtupu anaujua yeye. Ndio aliouaga uwanja wa ndege.

Wenu,
Kijana wa 2013