Mfumo Umelala

Wakubwa wa ofisi yetu, ambayo jina lake nitalistiri kwa kuwa bado nakula mshahara wake, waliamua kuachana na madaftari ya kuandikisha wakimbizi. Kila ofisi ndogo ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kuanzia Base Camp hadi Juru na Rubondo, iwe na kompyuta zinazozungumza na seva ya Mbarara. Mbarara kuna lami, kuna umeme, kuna mafundi, yaani sisi.

Umeme wa Nakivale ulikuwa juu ya paa: paneli za sola, na betri chumbani chini ya kufuli. Mchana kila kitu kiliwaka. Asubuhi tukakuta mashine zimekufa. Tukakagua inveta, tukakagua nyaya, tukalaumu mawingu. Mwishowe tukauona waya mwembamba ukipita chini ya mlango hadi kibanda cha askari, na huko simu za kijiji kizima zimepangwa juu ya mkeka, kila moja na karatasi ya jina la mwenyewe. Uorodheshaji safi kuliko wetu. Askari, mzee Mkongo wa Kivu, hakutahayari hata kidogo: “Injinia, ile sanduku yenu usiku inalalaka bure.”

Umeme ulipotulia, yakaja majina. Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwanza Wanyarwanda, baadaye Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine. Msomali huandika Maxamed, karani akasikia Mohamed, mwenzake akaandika Muhamad; mfumo ukahesabu wanaume watatu. Wasiojua tarehe zao za kuzaliwa, nao ni wengi, waliandikiwa Januari 1, kwa hiyo nusu ya foleni huongeza umri pamoja siku ya mwaka mpya. Hapo mfumo ukageuka: wanawake wawili wenye jina moja na tarehe moja ukawafanya mtu mmoja. Mama aliyeambiwa kwamba tayari ameandikishwa Rubondo alifikiri kidogo, akasema: “Sawa, baba. Kama wa Rubondo ni mimi, nipeni na chakula chake.” Karani alitafuta kitufe cha kujibu hoja hiyo, hakukiona.

Sisemi turudi kwenye wino. Mwaka 2018 serikali ya Uganda na UNHCR walihakiki wakimbizi nchi nzima kwa alama za vidole na mboni za macho, na hesabu ikashuka kutoka takriban milioni 1.4 hadi milioni 1.1 hivi. Daftari lisingeweza kazi hiyo. Ila hata mashine ya vidole ina mipaka yake: wapo wazee ambao jembe limewasugua vidole vikabaki laini. Mmoja alivipangusa kwenye koti, akavitemea mate, akajaribu tena. Taa nyekundu. Akamwambia karani aiombe mashine msamaha kwa niaba yake, kwa kuwa yeye hajui lugha yake.

Mwaka wa fedha wa Uganda huanza Julai. Ndugu zangu mnaoandika bajeti, kabla ya kuongeza seva nyingine, wekeni paneli moja ya kuchajia simu za majirani, na mlipeni Msomali mmoja asome orodha ya majina kabla haijaingia kwenye kompyuta. Vyote viwili ni rahisi kuliko safari zetu za kwenda kufufua betri.