Mgeni Asiyekunywa Kwenye Kikombe

Aliyewahi kufuga kuku hudhani anajua kufuga. Mwalimu mmoja wa Kotile, nchini Kenya, aliyeletwa huko na uhamisho kutoka nyanda za juu, aliamini hivyo mpaka wanafunzi walipomletea kinyonga mchanga waliyemkuta kwenye ua wa miti ya mathenge. Alionekana kuwa jike: shina la mkia lilikuwa jembamba, halina ule uvimbe wa dume. Walimbeba juu ya fimbo ndefu, maana hakuna aliyetaka kumgusa. "Mwalimu, shika wewe," walisema, wakarudi nyuma. Kinyonga hana sumu yoyote, lakini nenda ukawaambie hivyo akina mama wa soko la Kotile.

Akawekwa kwenye tawi la mwarobaini dirishani, na kifuniko cha maji safi pembeni. Hakuyagusa. Mchana akafumba macho, mwalimu akafurahi kwamba mgeni amepumzika. Kumbe kinyonga anayefumba macho mchana ni mgonjwa, na macho yakianza kudidimia basi amekaukiwa. Maji yaliyotuama kwa kawaida hayatambui. Yeye hunywa matone yanayong'aa kwenye majani, ya umande au ya mvua. Ikatobolewa chupa ya soda kwa sindano, ikaning'inizwa juu ya tawi. Tone la kwanza lilipoanguka, jicho moja lilizunguka kulifuata. Jicho la pili likabaki kwa mwalimu, kama mnunuzi wa mbuzi anayehesabu noti huku akimchunga muuzaji. Kisha akanywa, taratibu, kwa muda mrefu kuliko kipindi cha hesabu.

Chakula nacho kilikuwa na masharti yake. Kinyonga hataki kitu kilichokufa, na mchanga anahitaji kula kila siku, wadudu wasiozidi upana wa kichwa chake. Watoto, kwa ukarimu, walileta panzi wa kutisha. Yule kinyonga akageuka rangi, akawa mweusi kama kaa la moto lililozimwa, akawapa kisogo. Wakaletwa nyenje wadogo kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Waliobahatika kupita mbele yake walinaswa na ulimi unaoweza kufyatuka kupita urefu wa mwili wake. Wengine walipindua kopo usiku wakahamia chini ya kitanda, na hapo mwalimu akajifunza jambo ambalo wafugaji wa ng'ambo hulijua mapema: nyenje walioachwa na kinyonga aliyelala huweza kumtafuna.

Halafu ikaja habari ya mifupa. Mwalimu alisikia kwamba wafugaji huwanyunyizia wadudu unga wa kalisi, akaitazama chaki yake kwa matumaini. Bahati nzuri alizuiwa na mwenzake wa sayansi: chaki nyingi za ubaoni siku hizi ni jasi. Isitoshe, kalisi bila jua ni kazi bure. Miale inayomsaidia kinyonga kutengeneza vitamini D haipenyi kioo cha dirisha vizuri, kwa hiyo mgeni aliyekaa nyuma ya kioo siku nzima alikuwa anapata joto tu. Asipopata miale hiyo, mifupa hulainika na miguu hupinda.

Hapa ndipo kichekesho kilipo. Kule Marekani watu hununua taa maalumu na mashine za ukungu ili kinyonga apate jua na umande. Kotile jua ni la bure hata kwa asiyelitaka. Kazi ni kutafuta kivuli. Na hao wa ng'ambo nao wana visa vyao. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama kisiwani Oahu, Hawaii, aliagiza kinyonga wa aina ya Jackson kutoka Kenya. Walifika wamekonda na kukauka, akawaachia bustanini wapate nafuu. Waliipata, wakaondoka, na leo kizazi chao kimeenea katika visiwa vya Hawaii.

Kwa jike kuna jambo la mwisho, nalo ni zito: mayai. Akikomaa anahitaji udongo laini wenye unyevu wa kuchimba, la sivyo mayai hubaki tumboni na kumuua. Kinyonga wa Yemen, anayefugwa sana duniani, hutaga hata bila kukutana na dume. Mwalimu akakumbuka ndoo ya mchanga iliyowekwa shuleni kwa ajili ya moto, akaiazima kimyakimya.

Ndoo hiyo ndiyo iliyomfichua. Mkuu wa shule aliulizia ndoo, na habari ikamfikia askari mmoja wa wanyamapori. Kotile si mahali pa kuficha mnyama: hapa ndipo ilipo hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, ambako mwaka 2012 hirola, swala walio hatarini kutoweka, waliwekwa ndani ya uzio wa kuwakinga na simba. "Mwalimu, una kibali?" aliuliza yule askari, kwa upole kabisa. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 haijali ukubwa wa mnyama. Jioni hiyo hiyo kinyonga alirudishwa kwenye vichaka karibu na Mto Tana, akapanda tawi bila kuaga.

Ndoo imerudi ofisini. Nyenje hawajarudi popote. Wanaimba chini ya kitanda usiku kucha, na mwenye nyumba ameshauliza kama hao nao wana kibali.