King'ora Kilichogombana na Dagaa

Shemeji akirudi kutoka ng'ambo, watu hutegemea simu, viatu, basi hata manukato. Shemeji wa mwalimu mmoja wa mjini Bariadi alileta king'ora cha moshi. Alikitoa kwenye begi taratibu, kidude cheupe cha duara, ukubwa wa kisahani cha chai, akaeleza kuwa kule Uingereza tangu mwaka 2015 sheria inamtaka mwenye nyumba ya kupangisha aweke kimoja kila ghorofa. Nyumba ya mwalimu haina ghorofa wala mpangaji, ila zawadi haikataliwi. Jioni ileile kikafungwa kwenye dari ya sebule, hatua mbili kutoka mlango wa jikoni.

Karatasi ya maelekezo ilisema kikae walau mita 3 kutoka jikoni, lakini ilikuwa imeshafungia karanga. Kesho yake mama mwenye nyumba akabandika karai, akamimina mafuta, akatumbukiza dagaa wa Lamadi. King'ora kikapiga ukelele ambao mtaa ule haukuwahi kuusikia. Kuku wakaruka ukuta. Majirani wawili wakaja mbio na ndoo, moja bado ina nguo zilizolowekwa. Mwalimu akapanda kiti, akaanza kupepea dari kwa andalio la somo la kidato cha pili. Mkewe akaja kumsaidia kwa kanga. Walipokuwa wote wawili wanapepea, dagaa wakaungua kikwelikweli.

Kifaa hakikuwa kibovu. Ving'ora vya moshi viko vya namna mbili kuu. Kimoja kina chembe ndogo mno ya amerisiamu-241, inayofanya hewa ipitishe umeme kidogo. Moshi ukiingia, umeme unayumba na kelele zinaanza. Hicho ni hodari kwa moto wa miali, na hakipatani kabisa na mafuta ya kukaangia. Kingine kinatumia mwanga, na moshi ukiingia huutawanya ule mwanga hadi kwenye jicho lake. Huwahi kulinusa godoro linalofuka polepole, na kwa mapishi kina uvumilivu zaidi. Shemeji alikuwa amenunua kile cha kwanza, kwa kuwa kilikuwa cha bei ndogo.

Ukoo huo wa kwanza wenyewe ulizaliwa kwa bahati mbaya. Miaka ya 1930, mwanafizikia wa Uswisi, Walter Jaeger, alikuwa akihangaika kutengeneza kifaa cha kugundua gesi ya sumu, na kifaa kikamgomea. Inasimuliwa kwamba aliwasha sigara kupoza hasira, mara mshale wa mita ukacheza. Gesi haikukishtua, moshi wa sigara ulikishtua.

King'ora cha mwalimu kikahamishiwa korido ya vyumbani. Huko kero ikawa kitaa chake chekundu, kinachokonyeza kila baada ya muda na kuonekana tokea sebuleni. Mjumbe wa shina alipokuja kukusanya mchango alikitazama, akajiweka sawa kofia, akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza akaandika risiti.

Kisha betri. Ikikaribia kuisha, king'ora hutoa mlio mfupi kila dakika moja hivi, na hupenda kuanza usiku wa manane, kwa sababu baridi huipunguzia nguvu betri iliyokwisha kuchoka. Nyumba nzima ikaamini ni nyenje. Makabati yakasogezwa, mkeka ukainuliwa. Mapacha wa mwalimu wakapuliza dawa ya mbu mpaka darini, king'ora kikadhani ni moshi, kikapiga kwa nguvu zote saa nane za usiku. Betri ile ilikuwa mpya, ila kila Jumapili ilikwenda kanisani: ni ya mraba, volti 9, sawasawa na inayotumika kwenye maikrofoni isiyo na waya, na katibu wa kwaya alikuwa akiiazima kwa ahadi ya "inarudi sasa hivi".

Hadi hapo ni vichekesho. Machi mvua zikaja, umeme ukakatika, na bibi, mama yake mwalimu, akaingiza jiko la mkaa chumbani anakolala na wajukuu, wale mapacha. Dirisha likafungwa kwa ajili ya mbu. King'ora kimya.

"Mnaona?" bibi akasema. "Hata mashine yenu imeridhika."

Mkaa uliokolea hautoi moshi wa kutosha kukiamsha. Unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Asubuhi wote watatu waliamka vichwa vinagonga na kichefuchefu juu. Mkoani kwao Simiyu, dalili kama hizo ni malaria mpaka ithibitishwe vingine. Kwenye zahanati vipimo vikatoka hasi, kimoja, cha pili, cha tatu, na vichwa vyenyewe vilikuwa vimeanza kupoa njiani kwenye hewa safi. Tabibu akaweka kalamu chini. "Mayu, mlilala na jiko?"

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Kwa sasa Bariadi bado kuna kuni, mkaa na miti ya pamba baada ya mavuno. Kwa hiyo shemeji akaagizwa tena, safari hii king'ora cha kaboni monoksidi chenye alama ya EN 50291. Kwa kiwango hicho, gesi ikifika sehemu 300 kwa milioni ya hewa, ni lazima kilie ndani ya dakika 3. Muda wake wa kustaafu umechapwa mgongoni, na mwalimu akaurudia kwa kalamu ya wino mzito. Vumbi hupanguswa kwa brashi kavu; mapacha walishaonywa kuhusu sabuni ya unga.

Jiko sasa linalala nje. Bibi alinung'unika, akapewa blanketi la pili, kisha akadai king'ora kiwekwe kwenye stuli kando ya kitanda chake, jambo ambalo si baya, maana gesi hiyo huchanganyika na hewa ya chumba kizima. Kitufe cha majaribio kinatakiwa kubonyezwa mara moja kwa mwezi. Yeye hukibonyeza kila alfajiri, wajukuu waamke waende shule.

Jumamosi iliyofuata katibu wa kwaya akapita, akakigeuza huku na huku akitafuta kifuniko cha betri. Hakuna, imefungiwa humohumo kiwandani. Akakirudisha kwenye stuli, akauliza kama kuna chai.