Barua ya wazi: tunaomba idhini ya kuliuza jua

Kwa Mkurugenzi wa Ubiasharishaji wa Utafiti,

Tunakuandikia kutoka maabara ya sumukuvu, ghorofa ya chini, mlango wa pili baada ya bomba linalovuja.

Tumeipokea tena ile fomu ya robo mwaka. Sehemu ya "Mapato Yaliyotokana na Utafiti" huwa tunaiacha wazi, nawe huwa unaturudishia. Mara hii, ili tusikuchoshe, tumefanya kikao tukabuni bidhaa.

Utafiti wetu unasema mahindi yakianikwa vyema hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13.5, kuvu hukosa pa kuzaliana ghalani. Kikaushio chenyewe ni jua. Tunaomba basi ofisi yako ilisajilie hataza. Mengine tumeshayapanga: kila turubai la mahindi kuanzia Makueni hadi Kitui litafungwa mita, mkulima alipe kwa saa, na mawingu yakitanda arudishiwe nusu. Mbalamwezi itakuwa ya bure mwezi wa kwanza, kuvutia wateja. Kuku atakayepatikana akiota jua bila leseni atakamatwa pamoja na mwenyewe. Katika mrabaha, chuo kitachukua fungu lake, kitivo lake, ofisi yako lake, na kikundi chetu kitaachiwa machweo.

Tunaomba pia vitendanishi tulivyoagiza vifike kabla mwanafunzi wetu hajastaafu. Na semina ya ujasiriamali hotelini, kwa pesa zilizokatwa kwenye ruzuku yetu, inatosha.

Mwaka 2004, Bwana Mkurugenzi, wagonjwa 317 wa sumukuvu waliorodheshwa nchini Kenya na 125 kati yao wakafa. Wengi walikula mahindi ya shamba lao wenyewe. Mkulima ambaye hakufa msimu huu kwa kuwa aliambiwa asianike kwenye udongo mtupu, tumpelekee ankara ya shilingi ngapi? Safu yake iko wapi kwenye fomu yako? Sheria ya Sayansi ya 2013 iliutengea utafiti asilimia 2 ya pato la taifa. Hatujasikia Hazina ikijazishwa fomu ya robo mwaka kueleza asilimia hiyo iko wapi. Tusiopewa ndio tunaodaiwa faida!

Utuwie radhi, kalamu imeteleza. Tumeambatisha mpango wa biashara ya jua, nakala tatu zenye muhuri, kama mwongozo unavyotaka. Makadirio ya mauzo ya masika yako ukurasa wa nne.

Wako mtiifu,
Mkuu wa Kikundi
(kwa sasa pia dereva, mhasibu na afisa masoko)