Bwana Hamisi, Dirisha Namba Tatu

"Bwana Hamisi! Dirisha namba tatu!"

Nilikaa kimya kama wenzangu wote. Kijana akaita mara ya pili, akaita ya tatu, na mzee mmoja aliyejipatia kiti chini ya feni akaguna kwamba huyo Hamisi atakuwa ameenda kunywa chai. Nikamuunga mkono. Nikasema watu wengine hawana hata haya. Ndipo kijana alipoisogeza karatasi karibu na macho, akamalizia: "Mwana Hamisi, aliyezaliwa tarehe 13 Julai 1988."

Tarehe hiyo ni yangu. Nikainuka na dera langu la maua makubwa, nikaenda dirishani benchi zima likinisindikiza kwa macho. Mzee wa feni alishikwa na kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Mwenyewe yuko wapi, mama?"

"Ndiye mimi."

Akanigeuzia kompyuta nijionee. Jina la kwanza: Mwana. Jina la kati: Hamisi. Jinsi: Me. Aliyeniandikisha alilishika jina langu kama papai, akalipasua katikati. Kijana naye, badala ya kuona aibu kwa niaba ya ofisi, akabonyeza kalenda na kugundua la pili: siku ile ilikuwa Jumatano. "Sasa mama, Mwanahamisi gani wa Jumatano?"

Kosa langu lilianzia hapo. Ningenyamaza ningewahi daladala. Badala yake nikamsomesha.

Mama alijifungua saa moja na nusu usiku. Kwa hesabu ya wazee wa pwani, siku haingoji saa sita ya usiku ndipo ibadilike; jua likishazama, kesho imeingia. Ndiyo maana tarawehe ya kwanza husaliwa usiku ule ule mwezi unapoandama, kabla hajafunga mtu. Magharibi ya Jumatano ile Alhamisi iliingia, na mimi nikaingia nayo. Ningewahi kwa saa mbili, bibi angepata kazi ya kunitafutia jina, maana Mwanahamisi wapo, Mwajuma wapo, lakini Mwanajumatano mimi sijamwona.

Tena hebu ihesabu wiki yenyewe. Jumamosi ni mosi, Jumapili ya pili, unapanda hivyo mpaka Jumatano, ya tano. Kesho yake unatarajia ya sita. Huipati! Unapata Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano, kwa kuwa wao huanza kuhesabu Jumapili. Wiki ya Kiswahili ina tano mbili na sita haina kabisa, na wala hakuna aliyewahi kuchelewa sokoni kwa sababu hiyo. Kwa hiyo, nikamwambia kijana, hata ukinipeleka Jumatano bado nimo ndani ya tano, pitia mlango unaoutaka.

Akaniuliza kama nina kitambulisho kingine.

Hamisi nilimsamehe njiani. Kilichoniuma ni Mwana. Lile neno pale mbele halisemi mimi ni mtoto wa Hamisi fulani. Kwenye miji ya Waswahili, Mwana ilikuwa heshima ya mwanamke wa daraja. Mwana Khadija alitawala Pate katika karne ya 18. Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye utenzi mwaka 1858, na binti huyo naye alikuwa Mwana Hashima. Leo angeitwa dirishani: Bwana Kupona! Baadaye heshima ikagandana na jina hata huoni kiungo: Mwana Aisha akawa Mwanaisha, Mwana Juma akawa Mwajuma. Na Mwajuma tumemfanya nini? Tumemvika ndala ndefu, tumemfanya mzaha wa uswahilini, na mabinti wanaoitwa hivyo wanajificha nyuma ya "Jumy".

Mbele yangu kwenye foleni alikuwepo Jacqueline. C ilikaa mahali pake, q mahali pake, na ile e ya mwisho isiyosomwa na mtu ikaandikwa kwa heshima zote. Hakuna aliyempasua. Ni mimi, mwenye jina la hapa hapa, ninayetakiwa kwenda kwa wakili, nilipie hati ya kiapo, nilipie muhuri, nipoteze siku ya kazi, niape mbele ya mwanaume nisiyemjua kwamba mimi ni mwanamke.

"Ukishaipata, rudi Alhamisi," akasema kijana. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumanne zahanati waliniandika Mwanamisi. Kadi ya mchango wa harusi ikaja: Bw. na Bi. Mwana. Fundi bomba akauliza kama ndiye mimi yule Mwanahamisi Omari, Gaucho, mwanasoka wa Twiga Stars, akanitazama miguu, akajijibu mwenyewe.

Jana, Jumatano, hati ya kiapo ikiwa mkobani, nilipita pale ofisini nikitoka kazini. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha. Mlinzi alikuwa anafunga geti kwa mnyororo.

"Wamefunga, mama. Njoo Alhamisi."

Nikamwambia ndiyo hii.

Akatazama simu yake, akanitazama mimi, akaongeza kufuli la pili.